Dawa ya Pamba Si ya Mchicha

Kiangazi kimeingia. Katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa pamba imekwisha kuchumwa na mahindi yamo ghalani. Lakini nyumbani mboga imekuwa haba. Mlenda na mchicha wa porini, vilivyoota vyenyewe wakati wa mvua, vimekauka. Mama anakwenda gulioni kununua fungu la mboga lililonyauka. Siku ambayo hakuna fedha, watoto wanakula ugali kwa chumvi.

Mwezi huu tutazungumza juu ya bustani ndogo ya mboga. Tunasema na wewe ambaye hujawahi kulima mboga. Tunasema pia na wewe uliyejaribu mwaka jana, wadudu wakala, ukaacha.

Bustani yenyewe ni tuta moja tu. Upana mita 1, urefu mita 3. Mita 1 ni kama hatua moja ndefu ya mtu mzima. Upana usizidi hapo, ili mkono wako ufike katikati bila mguu kukanyaga tuta. Chagua mahali palipo karibu na maji na karibu na nyumba. Bustani iliyo mbali hutembelewa mara moja kwa juma, na wadudu hawangoji juma.

Wengi wanaoanza hukimbilia nyanya kwa sababu ina bei nzuri. Ndugu, nyanya ingoje. Yuko mdudu ambaye wakulima wa nyanya wanamwita kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 alikuwa amekwisha fika Tanzania. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini. Ukinyunyiza dawa juu ya jani, yeye yumo ndani, anakula. Hata wakulima wa siku nyingi wamepoteza mashamba kwa ajili yake. Wewe unayeanza, anza na mboga za majani.

Mboga iliyo rahisi kuliko zote ni matembele. Haihitaji mbegu ya dukani. Mwombe jirani marando ya viazi vitamu. Chagua marando yenye majani mazuri. Majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano yana ugonjwa, na ugonjwa huo utakuja nao nyumbani. Kata ncha zenye urefu wa rula ya shule. Fukia sehemu mbili kati ya tatu za kila rando, na sehemu moja ibaki juu. Mwagilia. Baada ya mwezi mmoja hivi unaweza kuanza kuchuma ncha changa, na utaendelea kuchuma kwa miezi mingi ukimwagilia.

Mboga ya pili ni mchicha. Huu unaliwa haraka. Lima tuta vizuri, kisha changanya debe 1 la samadi. Samadi iwe imeoza kabisa. Ukiishika isiwe na joto, na isitoe harufu ya zizi. Samadi mbichi huunguza miche, tena huleta mbegu za magugu. Wakati wa kiangazi tuta liwe chini kidogo kuliko ardhi iliyo kando yake, ili maji yasikimbie.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kama punje za unga. Ukiimwaga kwa mkono, yote itaanguka mahali pamoja. Kwa hiyo chukua kijiko kimoja cha chai cha mbegu, uchanganye na viganja viwili vya mchanga mkavu. Chora vifereji kwa kijiti, kina chake nusu ya ukucha, na kati ya kifereji na kifereji pawe shubiri moja. Nyunyiza mchanga wako wenye mbegu, funika kwa udongo kidogo sana, kisha tandaza nyasi kavu juu. Mwagilia juu ya nyasi. Mbegu zikianza kuota, kama siku ya 4 au ya 5, ondoa nyasi jioni. Ukichelewa, miche itakuwa mirefu na dhaifu.

Ndoo moja ya lita 20 kwa siku inatosha tuta lako. Igawe asubuhi na jioni. Usizidishe maji, kwa maana miche iliyosongamana katika udongo wa tope huoza shina na kuanguka. Baada ya majuma mawili punguza miche iliyobanana. Usiitupe, ni mboga hiyo. Baada ya majuma matatu mpaka manne, ng'oa mchicha, kula. Mwenye akili hupanda tuta la pili majuma mawili baada ya la kwanza, ili la kwanza likiisha la pili liwe tayari.

Mboga ya tatu ni sukuma wiki. Hii hupandwa kwanza kitaluni. Miche ikiwa na majani 4 au 5, ihamishe jioni jua likiwa limepoa. Katika tuta la mita 1 kwa mita 3, panda mistari miwili yenye miche 6 kila mmoja. Miche 12 tu. Ukiitunza vizuri, utachuma majani ya chini kila mara huku ukiacha yale ya juu yaendelee kukua.

Sasa tuje kwa wadudu. Mharibifu wa kwanza wa bustani ana miguu miwili na anataga mayai nyumbani kwako. Kuku mmoja anaweza kufukua tuta zima kabla hujamaliza kunywa uji. Weka ua wa miiba au mabua siku ile ile unayopanda. Usiseme utaweka kesho.

Baada ya kuku kuna sota. Unaamka asubuhi, unakuta mche wa sukuma wiki umelala chini, umekatwa kama kwa mkasi. Sota ni kiwavi mnene wa rangi ya udongo. Hula usiku, na mchana hujificha. Usimtafute mbali. Fukua udongo kwa kidole kando ya mche uliokatwa. Utamkuta amejikunja kama herufi C. Mwue, kwa sababu usiku unaofuata atakata mche wa pili. Ili kumzuia, kata kipande cha karatasi ngumu au ganda la mgomba, ukizungushe kwenye shina la mche unapoupanda. Nusu iwe ndani ya udongo, nusu iwe juu. Karatasi ya gazeti hili iliyokunjwa mara nyingi inafaa pia, lakini lisomwe kwanza na nyumba nzima.

Panzi washike asubuhi na mapema, wakati wa baridi. Saa hizo ni wazito, hawaruki vizuri. Wape kuku.

Chini ya majani ya sukuma wiki na kunde utaona vidukari. Wengine huwaita wadudu mafuta. Ni wadogo sana, wamekaa kwa makundi, wananyonya maji ya mmea mpaka jani linajikunja. Mara nyingi utaona sisimizi wanapanda na kushuka hapo. Sisimizi hawali jani. Wanafuata maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na kwa sababu hiyo wanawalinda kama mfugaji anavyolinda ng'ombe wake. Ukiona sisimizi juu ya mmea, geuza jani uangalie.

Vidukari wakiwa wachache, waponde kwa vidole. Jani lililojaa likate, ulizike. Wakiwa wengi, tumia sabuni. Chukua kipande cha sabuni ya mche chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, ukikate vipande vidogo, ukiyeyushe katika lita 5 za maji. Nyunyiza jioni chini ya majani, kwenye wadudu wenyewe. Sabuni inamwua mdudu iliyemgusa tu. Ikikauka, haina kazi. Kwanza jaribu kwenye majani mawili, ungoje mpaka kesho. Yasipoungua, endelea.

Lakini kabla ya kunyunyiza chochote, tazama vizuri. Kati ya vidukari unaweza kumwona mdudu wa mviringo, mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Huyu ni rafiki. Mtoto wake hafanani naye. Ni mrefu, mweusi, ana madoa ya rangi ya machungwa, umbo lake kama mamba mdogo sana. Watu wengi humwua wakidhani ni adui. Wote wawili, mzazi na mtoto, wanakula vidukari. Ukiwakuta wengi, weka sabuni chini, uwape siku tatu wafanye kazi yao.

Adui mkubwa wa sukuma wiki na kabichi ni kiwavi mdogo wa kijani. Ukimgusa anajinyonganyonga, anaanguka, anabaki akining'inia kwa uzi mwembamba. Mzazi wake ni nondo mwenye alama za almasi mgongoni. Mdudu huyu ana historia yake. Huko kisiwa cha Java, Indonesia, mwaka 1953 iliandikwa kwamba sumu ya DDT haimwui tena. Tangu wakati ule amezoea sumu nyingi nyingine. Mkulima anayemnyunyizia sumu kila juma anawaua walio dhaifu, na wenye nguvu wanabaki kuzaa. Tena anawaua maadui wa kiwavi huyo. Mwaka 2002 watafiti wa taasisi ya ICIPE ya Nairobi waliachilia nyigu mdogo huko Wundanyi, Kenya. Nyigu huyo alitoka Taiwan, na anataga yai lake ndani ya kiwavi. Mtoto wa nyigu anamla kiwavi kutoka ndani. Sumu inayonyunyizwa ovyo inamwua nyigu huyu kwanza.

Kwa viwavi, dawa yetu ya kwanza ni mkono. Miche 12 unaweza kuikagua yote kila jioni kwa dakika chache. Geuza kila jani. Dawa ya pili ni mwarobaini. Mti huu uko vijijini kwetu, wengi tunakaa chini ya kivuli chake. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama, anika mbegu kivulini mpaka zikauke. Zimenye, twanga punje ziwe unga. Tia kiganja kimoja kilichojaa, yaani kama gramu 50, katika lita 1 ya maji. Acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, kwa maana jua huiharibu dawa hii upesi. Usitegemee kuona viwavi wamekufa asubuhi. Mwarobaini huwakatisha hamu ya kula na kuwazuia wasikue. Rudia baada ya siku 7.

Wako wanaoloweka tumbaku. Sisi hatushauri. Maji ya tumbaku ni sumu kali, yanapita hata kwenye ngozi ya mtu. Tena tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa majani kwenye nyanya na pilipili za jirani yako.

Ndugu msomaji, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii. Katika nyumba nyingi, pamba ikiisha hubaki chupa yenye dawa kidogo. Viwavi wakiingia kwenye mboga, mtu anakumbuka chupa ile. Anasema, "Kama iliwaua wa pamba, itawaua na hawa." Ananyunyiza jioni. Kesho yake asubuhi mboga imechumwa.

Jani la pamba haliliwi na mtu. Jani la mchicha ndilo chakula chenyewe. Uliponyunyizia ndipo utakapotafuna. Tena pamba hukaa shambani miezi mingi, na mchicha unang'olewa baada ya majuma manne. Sumu haikupata muda wa kuisha. Usidanganyike kwamba ukiosha mboga sumu yote inatoka. Dawa nyingine huingia ndani ya jani, na maji hayafiki huko. Wala kuchemsha si kinga.

Kuna jambo baya zaidi, nalo linajulikana vijijini. Mtu ana matuta mawili. Moja ni la nyumbani, halitiwi sumu. La pili ni la sokoni, linatiwa sumu juzi na kuvunwa leo, ili majani yasiwe na matundu, yapendeze. Mtu huyo anajua anachofanya. Angekuwa hajui, angekula kutoka tuta lolote. Mnunuzi naye ana sehemu yake hapa. Tukiwa sokoni tunakataa fungu lenye tundu moja la kiwavi, na tunachukua lile lisilo na alama hata moja. Tundu moja la kiwavi halijamwua mtu.

Mwaka 1975 nchi yetu ilifanya kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikaa kwa vikundi kusikiliza redio na kujifunza kwamba mboga za majani hujenga damu na kulinda macho ya watoto. Mafunzo hayo bado ni kweli. Mtoto mdogo ndiye anayehitaji mboga kuliko wote, naye ndiye anayeumizwa na sumu upesi kuliko wote, kwa sababu mwili wake ni mdogo.

Ikiwa ni lazima kutumia dawa ya dukani, soma kibandiko. Ulipojifunza kusoma labda ulifikiria barua, hesabu za mnada, au kitabu cha dini. Kibandiko cha dawa nacho kinasomwa. Kwanza tafuta jina la zao. Kama kimeandikwa pamba peke yake, hiyo si dawa ya mboga. Rudisha chupa mahali pake. Pili tazama mstari wa rangi ulio chini ya kibandiko. Mwekundu ni sumu kali kuliko zote. Njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Hata kijani si maji ya kunywa. Tatu tafuta siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Tupige hesabu. Umepanda mchicha tarehe 1. Tarehe 20 wameingia viwavi. Kibandiko kinasema ngoja siku 14. Ukinyunyiza siku hiyo, 20 na 14 ni 34. Utavuna siku ya 34, ukihesabu na siku ya kupanda. Wakati huo mchicha wako umekwisha komaa, unaanza kutoa maua, na fedha ya dawa umetumia. Afadhali ung'oe tarehe hiyo hiyo 20, uchambue yaliyo mazima uyale, yaliyoharibika wape mbuzi, na upande mbegu nyingine. Mbegu ni kijiko kimoja. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba mchicha hauna nafasi ya sumu kabisa.

Usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda, wala unga uliofungwa katika karatasi bila maandishi. Huwezi kusoma kitu kisichoandikwa. Dawa inayouzwa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yaani TPHPA. Sumu za zamani zisipokelewe hata kwa bure. Kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, DDT haitumiki tena shambani. Endosulfani, ambayo ilitumika sana kwenye pamba, iliongezwa katika orodha ya mkataba huo mwaka 2011. Kama unayo chupa ya namna hiyo, usiimwage mtoni. Mwambie bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, ambaye siku hizi anaitwa afisa ugani.

Tena usihamishie dawa katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaijua chupa ya soda kwa umbo lake, na hawezi kusoma. Mtu akinywa sumu, au akitokwa na jasho na mate mengi na tumbo likamkata baada ya kunyunyiza dawa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni, mpeleke hospitali mara moja. Chukua chupa yenye kibandiko, mganga aione. Usimtapishe kwa nguvu. Maziwa si dawa ya sumu. Usipoteze muda kumtafutia.

Jambo la mwisho ni mbegu. Unapong'oa mchicha wako, acha miche mitano iliyo mizuri pembeni mwa tuta. Iache irefuke na kutoa maua. Vichwa vikianza kukauka, sugua kimoja katika kiganja. Mbegu nyeusi zinazong'aa zikianguka, kata vichwa vyote, vianike juu ya kitambaa, pepeta. Zitie katika chupa kavu yenye kifuniko. Andika kwenye karatasi: mchicha, na tarehe, mwezi na mwaka. Gundisha karatasi hiyo kwenye chupa. Kisha iweke mahali pakavu, chumba kingine na ile dawa ya pamba.